KHAMA WA WANGWATO NA VITA VYAKE NA ULEVI

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewapa wanaadamu akili na akawaharamishia kila chenye kuiondoa.

Wasomaji wetu watukufu, mara nyingi twasikia katika mabaraza ya miji yetu watu wakisema ya kuwa ulevi ni maradhi yasiyo na dawa. Kwamba biashara ya vileo ina mali nyingi, na wenye mali ndio wenye nguvu. Na kwamba mtawala wa Kiafrika hakuweza kamwe kusimama mbele ya mzungu akamwambia asiuze chupa yake. Haya ni maneno ya mtu aliyekata tamaa. Nasi twaona dawa ya kukata tamaa ni kusoma khabari za wale waliotenda, tukayapima waliyoyapata na waliyoyakosa. Kwa hivyo tumeona bora tuwaletee maisha ya mtu mmoja mashuhuri, naye ni Khama wa Tatu, mfalme wa Wangwato, aliyefariki dunia mwaka 1923.

Mtu huyu hakuwa Muislamu. Alikuwa Mkristo, akaishi na kufa katika dini yake. Hatumleti hapa ili kumfanya kiongozi wetu katika dini, wala hatumzidishii sifa asiyokuwa nayo. Lakini haki ni haki popote ilipo, na mwenye busara huokota funzo hata likiwa katika ua wa jirani. Na ikiwa mtu asiyekuwa na aya wala hadithi ya kumkataza pombe aliweza kuipiga vita karibu miaka hamsini, basi sisi wenye katazo lililo wazi tuna udhuru gani?

KUZALIWA KWAKE NA UJANA WAKE

Khama alizaliwa karibu na mwaka 1837 katika kabila la Wangwato, ambalo ni tawi kubwa la Watswana, watu wakaao katika nchi iliyoitwa zamani Bechuanaland na ambayo tangu mwaka 1966 yaitwa Botswana. Ni nchi kavu yenye mvua haba, na sehemu yake kubwa ni jangwa la Kalahari. Mali ya watu wake zama hizo ilikuwa ni ng'ombe na chakula chao kilikuwa ni mtama. Babake, Sekgoma, ndiye aliyekuwa mtawala wa Wangwato, na mji wake ukiitwa Shoshong. Mji huo ulikuwa chini ya vilima, nao ulikuwa mlango wa njia ya kaskazini. Mzungu aliyetaka pembe za ndovu au manyoya ya mbuni hakuwa na budi kupita hapo na magari yake ya kukokotwa na maksai.

Mwaka 1860 Khama alibatizwa na mmisionari wa Kijerumani aitwaye Schulenburg. Mwaka 1862 akamwoa Elizabeth Gobitsamang, na katika zama hizo wakafika Shoshong wamisionari wa Kiingereza kutoka London. Mwaka 1863 majeshi ya Wandebele yaliingia nchi ya Wangwato kuteka ng'ombe, na Khama akawa miongoni mwa waliowaongoza vijana wakayarudisha nyuma. Jina lake likapaa tangu siku hizo. Twalitaja jambo hili kwa makusudi, kwani wako wadhanio kuwa mtu achukiaye pombe ni mtu dhaifu asiyejua mambo ya wanaume. Khama alikuwa shujaa wa vita, mpanda farasi na mwindaji.

Baadaye alikhitilafiana na babake. Sekgoma alitaka mwanawe aingie katika jando la kabila na aoe mke wa pili aliyekwisha kuchaguliwa, naye Khama akakataa yote mawili kwa sababu ya dini yake mpya. Ugomvi huo ukageuka kuwa vita mwaka 1866, na Khama na wenzake wakakimbilia vilimani. Katika fitina hizo utawala ukaangukia mikononi mwa ami yao, Macheng. Mwaka 1872 Khama akamwondosha Macheng kwa msaada wa Sechele, mfalme wa Wakwena. Akamrejesha babake kitini, lakini hawakuelewana, naye akahamia Serowe pamoja na watu wengi waliomfuata. Mwaka 1875 alirudi kwa nguvu akaushika utawala, wala hakuutoka tena mpaka kufa kwake.

WAFANYA BIASHARA WA BRANDI

Yafaa msomaji ajue namna vileo vilivyoingia katika nchi ile. Watswana walikuwa na pombe yao ya mtama tangu kale, nayo huiita bojalwa. Lakini brandi ilitoka kusini, katika mashamba ya mizabibu ya Rasi ya Tumaini Jema, ikapakiwa katika mapipa juu ya magari ya maksai. Kwa mwenye kuiuza ilikuwa bidhaa yenye faida kuliko nguo na shanga, kwa sababu nguo humtosha mtu mwaka mzima, na brandi huisha usiku mmoja na kesho mnunuzi akarudi. Tena ilikuwa silaha katika biashara: mtu hunyweshwa kwanza, kisha ndipo huulizwa bei ya pembe zake na ng'ombe zake.

Na baada ya kuvumbuliwa almasi katika nchi za Kimberley, karibu na mwaka 1870, maelfu ya vijana wa Kiafrika walikwenda kule kufanya kazi, wakakuta vilabu vya pombe vikiwangojea pamoja na mishahara yao. Kijana akitoka kwao kutafuta bunduki au mahari, hurudi mikono mitupu. Khama aliyaona hayo. Akaona kadhalika jinsi makabila ya kusini yaliyozoea brandi yalivyopoteza ng'ombe zao kisha ardhi yao. Akayafunga mambo haya mawili pamoja katika fikira yake, wala hakuyatenganisha maisha yake yote: brandi na kupotea kwa nchi.

Basi alipotawala aliwakusanya wafanya biashara wa kizungu wa Shoshong akawapa habari kuwa ni marufuku kuwauzia watu wake mvinyo wa aina yoyote. Wao wakaomba waachiwe wa kunywa wenyewe majumbani mwao, naye akawakubalia kwa sharti la kutoonekana ulevi. Sharti halikudumu. Wakaonywa mara ya kwanza na ya pili, kisha akawakataza kabisa kuingiza vileo katika mji, nao wakaendelea kwa siri.

Kisa kilichotokea baada ya hayo kimesimuliwa na mmisionari Hepburn, aliyekaa Shoshong zama hizo. Siku moja ya Jumamosi Khama alipata khabari kuwa wazungu fulani wamelewa na wanapigana ndani ya nyumba. Hakutuma askari wala hakutosheka na maneno ya wapelelezi. Alivua nguo zake nzuri, akavaa kuukuu, akaenda mwenyewe akayaona kwa macho yake: bidhaa zimetawanyika chini, na watu wameroa damu. Akarudi bila ya kusema neno, akangoja siku ya Jumapili ipite, maana ni siku ya ibada yake. Jumatatu akawaita wote.

Aliwaambia, kwa maneno ya upole yasiyo na matusi, kuwa wamezidharau sheria zake kwa sababu yeye ni mtu mweusi. Kuwa nchi ni ya watu wake, nao wamepewa ruhusa ya kukaa humo kwa ihsani tu. Na kuwa hawatakaa tena. Akawaamuru wachukue bidhaa zao na ng'ombe zao waondoke. Mmoja wao alikuwa amekaa katika nchi hiyo tangu ujanani, akajaribu kumkumbusha urafiki wao wa zamani. Khama akamjibu kuwa huyo aliyejiita rafiki ndiye aliyezidharau sheria za rafiki yake. Wakaondoka.

Tusisahau ya kuwa watu hawa ndio waliokuwa wakimletea bunduki, risasi, nguo na magari, katika wakati ambao adui yake Mndebele alikuwa karibu. Kuwafukuza kulikuwa ni khatari na ni khasara, naye alikubali yote mawili.

POMBE YA MTAMA

Baada ya kuwafungia wageni mlango aliwageukia watu wake mwenyewe, akapiga marufuku pombe ya mtama. Hapa ndipo kazi yake ilipokuwa ngumu.

Brandi ilikuwa kitu kigeni, lakini bojalwa ilikuwa imeingia katika maisha ya watu kama uzi katika nguo. Aliyetaka kulimiwa shamba aliwaalika majirani kwa pombe. Masikilizano ya arusi, ukaribisho wa mgeni, heshima ya mtoto kwa baba na sadaka kwa mizimu, yote hayo yalipitia katika mtungi. Na walioipika walikuwa ni wanawake. Mtama ulikuwa jasho lao, na mtungi ndio uliowapa heshima na njia ya kuwapata watu wa kuwasaidia kazi.

Hoja ya Khama ilikuwa nyepesi kueleweka. Nchi yao ni ya ukame. Mungu huwapa mtama mwaka mmoja na huwanyima mwaka wa pili. Nao huuchukua mtama wa mwaka wa neema wakaufanya kitu cha kuwagombanisha, kisha mwaka wa njaa wakalia. Hoja ni sahihi, lakini haikuwaridhisha wote. Wakubwa wa kabila walinung'unika, kwani kwao mtungi wa pombe ulikuwa sehemu ya enzi. Khama akasimama mbele ya baraza lake akasema kuwa wakitaka kumwua na wamwue, lakini hatairejesha pombe maadam yu hai.

Mwaka 1888 alimwandikia Sir Sidney Shippard, mkuu wa serikali ya Kiingereza katika nchi hizo, akimsihi asifungue tena njia ya mvinyo. Maana ya barua yake ni kuwa Lobengula, mfalme wa Wandebele, hamwogopi kama aiogopavyo brandi. Kwani amepigana na majeshi ya Wandebele wala hayakumnyima usingizi, lakini vita vya pombe ni vita na mashetani. Na mtu aliyesema hayo alikuwa amekwisha kuvionja vita vyote viwili.

HIMAYA YA WAINGEREZA NA MKATABA WA BRUSSELS

Mwaka 1885 Waingereza waliitia nchi ya Watswana katika himaya yao, na Jenerali Charles Warren akafika Shoshong kumweleza Khama jambo hilo. Khama aliikubali himaya, maana aliwaogopa Makaburu wa Transvaal na Wandebele. Lakini aliweka mambo yake wazi: sheria yake ya kukataza vileo ibakie, na ardhi ya Wangwato isiuzwe.

Mwaka 1889 aliuhamisha mji wake kutoka Shoshong, palipokuwa na shida ya maji, akaenda Palapye ya zamani. Na katika mwaka uliofuata, tarehe 2 Julai 1890, madola yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba wa kupinga biashara ya watumwa, na ndani yake mkawa na sharti juu ya vileo. Twawaomba wasomaji wetu walizingatie sharti hili, kwa kuwa latuhusu sisi watu wa pwani. Mkataba uliweka eneo la Afrika baina ya latitudo 20 ya kaskazini na 22 ya kusini, na pwani yetu yote imo ndani yake. Mahali palipothibitika, ndani ya eneo hilo, kuwa mvinyo mkali hautumiwi ama kwa sababu ya dini ama kwa sababu nyingine, madola yalilazimika kuzuia usiingizwe wala kutengenezwa. Na mahali pengine yalitakiwa kuutoza ushuru.

Basi wazungu wenyewe waliandika katika mkataba wao kuwa dini inayokataza pombe ni ngome yenye kustahiki kulindwa. Walakini mkataba ulikuwa na matundu. Ulihusu mvinyo mkali tu, wala haukugusa pombe nyingine. Uliwaachia wazungu vinywaji vyao. Na ushuru ni mapato, na serikali ipatayo mapato kwa kitu haioni vizuri kitu hicho kikiondoka. Ama Khama, mji wake ulikuwa kusini ya mstari ule kwa masafa madogo tu. Hakupata kivuli cha mkataba huo. Kivuli chake kilikuwa ni neno lake mwenyewe.

SAFARI YA UINGEREZA

Sasa twafika katika jambo lililolifanya jina la Khama lijulikane ulimwenguni. Mwaka 1889 Cecil Rhodes alipewa hati ya kifalme kwa ajili ya kampuni yake, Kampuni ya Uingereza ya Afrika ya Kusini, na mwaka 1890 watu wake wakapita kwenda kuishika nchi iliyoitwa baadaye Rhodesia. Khama aliwasaidia safari hiyo, kwani aliwaona kuwa ni watu wa Malkia na ni adui wa adui yake. Lakini haukupita muda Rhodes akaitaka na nchi ya Watswana ikabidhiwe kampuni.

Khama alifahamu maana yake. Kampuni ni duka lenye jeshi. Ikiwa serikali ni ya mfanya biashara, nani atamzuia mfanya biashara? Vilabu vya pombe vitafuata njia ya reli, na ardhi itafuata pombe. Akaamua kwenda kwa mwenyewe aliyeitoa himaya. Akafuatana na Sebele, mfalme wa Wakwena, na Bathoen, mfalme wa Wangwaketse, pamoja na mmisionari Willoughby awe mkalimani wao. Wakafika bandari ya Plymouth mwezi wa Septemba mwaka 1895.

Waziri wa Makoloni wakati huo alikuwa Joseph Chamberlain. Aliwasikiliza, akawashauri wapatane na kampuni, kisha akenda zake kupumzika. Mtu mwingine angalirudi kwao. Wafalme hawa watatu walifanya jambo lisilotazamiwa: waliwaendea raia wa Uingereza wenyewe.

Hapana budi tueleze kidogo hali ya nchi ile. Katika karne ya kumi na tisa kulikuwa kumezuka Uingereza na Marekani vyama vikubwa vya kupinga ulevi. Chama cha Marekani kiliasisiwa Boston mwaka 1826. Huko Preston, katika mwaka 1832, mtu aitwaye Joseph Livesey na wenzake sita waliweka ahadi ya kutoonja kileo chochote, na ahadi hiyo ikaenea miongoni mwa mafundi na wafanya kazi wa viwandani, ambao mishahara yao ilikuwa ikimezwa na vilabu kila mwisho wa juma. Mwaka 1853 kikaundwa Manchester chama cha kuitaka serikali ipige marufuku biashara ya vileo. Na mwaka 1887 ikaundwa kamati khasa ya kupinga kupelekwa kwa mvinyo katika nchi za Afrika na kwingineko. Wengi katika watu hao walikuwa wanaona aibu kwamba nchi yao hupeleka kwa watu wa mbali mahubiri na mapipa katika jahazi moja.

Basi alipotokea mbele yao mfalme wa Kiafrika mwenye kusema kuwa ameifunga nchi yake na pombe, na kuwa waziri wao ataka kuifungua, watu walijaa makanisani na kumbini kumsikiliza. Alizunguka na wenzake miji mingi, ikiwemo Leicester na hata Birmingham, mji wa Chamberlain mwenyewe. Barua na maombi yakamiminika katika Wizara ya Makoloni. Waziri akaona ya kuwa jambo alilolidhania dogo limekuwa la uchaguzi.

Tarehe 6 Novemba 1895 Chamberlain alikutana nao tena, akaamua kuwa kila mmoja wa wafalme watatu atabaki na nchi yake chini ya ulinzi wa Malkia, na atawatawala watu wake kama zamani. Nao watatoa kipande cha ardhi kwa ajili ya reli na watalipa kodi. Ama vileo vya wazungu, havitaingizwa kuuzwa katika nchi walizopewa wafalme, na mwenye kujaribu kuviuza au kuwapa watu weusi ataadhibiwa. Tarehe 20 Novemba wakakutana na Malkia Victoria katika jumba la Windsor, kisha wakarejea kwao.

Na Mwenyezi Mungu ana mipango yake. Mwisho wa Disemba mwaka huohuo Jameson, mtu wa Rhodes, alitoka na askari wa kampuni katika ukanda wa mpakani uliokuwa umekwisha kutolewa kwa kampuni, akaishambulia Transvaal, akashindwa na kukamatwa mwanzo wa Januari 1896. Fedheha ile ilimwangusha Rhodes, na neno la kuikabidhi kampuni nchi ya Watswana likazimika. Wanahistoria wengi wasema kuwa lau si safari ile, huenda Botswana ingalimezwa ikawa sehemu ya Rhodesia.

AILA YAKE, TABIA ZAKE NA KUFA KWAKE

Khama alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mtulivu wa maneno. Hakuionja pombe, na wageni waliomtembelea walisifu unadhifu wake na uangalifu wake katika wakati na ahadi. Lakini si haki kuandika maisha ya mtu tukataja mema yake tukayaficha mengine. Alikuwa mkali, mwenye kutaka neno lake liwe la mwisho. Waliompinga hawakukaa naye. Mwaka 1895, kabla ya kwenda Uingereza, ndugu zake Raditladi na Mphoeng walitengana naye, na pombe ilikuwa miongoni mwa mambo waliyogombania. Wakaenda na wafuasi wao wakakaa katika nchi ya Rhodesia. Aligombana vilevile na mwanawe Sekgoma, wakakaa mbalimbali miaka mingi kabla ya kupatana. Na chini ya Wangwato walikuwako watu wanyonge, khasa Wasarwa wa jangwani, waliotumikishwa bila ya malipo. Ingawa Khama alipunguza baadhi ya dhulma hizo, hakuziondoa.

Kadhalika pombe ya mtama haikufa. Mitungi iliendelea kuchemka usiku katika mashamba yaliyo mbali na macho ya mfalme. Brandi aliweza kuizuia kwa kuwa hupita njiani, na njia ina mlinzi. Mtama umo ndani ya kila nyumba.

Mwaka 1902 aliuhamisha mji kwa mara ya pili, akaenda Serowe, na hapo ndipo alipofariki tarehe 21 Februari 1923, naye amepita umri wa miaka themanini na mitano. Akazikwa juu ya kilima, na pakawekwa sanamu ya mnyama mdogo wa jamii ya paa, ambaye ni alama ya kabila lake. Mjukuu wake, Seretse Khama, ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa Botswana ilipopata uhuru mwaka 1966.

MAZINGATIO

Wasomaji wetu, kisa hiki kina mafunzo mengi, nasi twataja matatu.

La kwanza ni kwamba Khama alianza kwa wakubwa. Hakuanza kumpiga faini bibi mzee mwenye kuuza kibuyu huku mwenye mapipa akikaribishwa kitini. Aliwashika matajiri wa kizungu, tena marafiki zake, ndipo akawageukia wanyonge. Na sisi katika miji yetu twamcheka mlevi alalaye mfereji wa maji machafu, na twampa mkono wa kulia yule amkodishaye mwenye klabu nyumba, yule amchukuliaye bidhaa kwa gari lake, na yule atiaye faida yake mfukoni kisha akaja safu ya mbele. Waislamu tumekwisha kuelezwa kuwa laana ya pombe haimhusu mnywaji pekee. Yamhusu aikamuaye, aibebaye, abebewaye, auzaye, anunuaye na alaye thamani yake.

La pili ni kwamba alifahamu ya kuwa ulevi si jambo la tumbo la mtu mmoja. Ni jambo la mali na la nchi. Mashamba ya minazi mangapi katika pwani hii yametoka katika mikono ya wenyewe kwa deni lililoanzia tembo? Hatuhitaji kwenda Kalahari kulijua hilo. Kila mji una majina yake, nasi hatutaki kuyataja kwa kuwastahi watoto wao.

La tatu ndilo zito zaidi. Khama alifaulu kwa brandi, na kwa bojalwa alifaulu nusu tu. Kwa nini? Kwa sababu sheria ilitoka juu, na nyoyo za watu zilikuwa hazijafika hapo. Aliwanyang'anya wanawake mtungi, wala hakuwatilia mkononi kitu cha kukaa mahali pake. Alipokufa, Marekani ilikuwa imekwisha kuingia katika jaribio kubwa kuliko lake: mwaka 1920 dola ile ilipiga marufuku vileo nchi nzima kwa katiba yake, na mwaka 1933 ikarudi nyuma, baada ya magendo na rushwa kuishinda. Amri peke yake haikutosha kwa mfalme mmoja wala kwa dola kubwa.

Linganisheni na Madina. Katazo halikuteremka siku moja. Watu walielezwa kwanza kuwa madhara yake ni makubwa kuliko manufaa yake. Kisha wakazuiliwa kuikaribia sala hali wamelewa, mpaka siku yao ikawa haina nafasi ya ulevi. Kisha, nyoyo zilipokwisha kukaa tayari, likaja katazo la mwisho. Na watu wenyewe, kwa mikono yao, wakaimwaga mpaka ikapita katika njia za mji. Hapakuwa na mpelelezi mlangoni.

Basi kazi yetu i mahali pawili. Tuitake sheria, tusiidharau, kwani Khama ametuonyesha kuwa mtawala mwenye azma aweza kuufunga mlango hata mbele ya wenye nguvu. Lakini tusikae tukaingojea sheria itufanyie kazi ya madarasa yetu, ya mabaraza yetu na ya nyumba zetu. Kijana asiyekuwa na kazi wala kikao cha kheri atakitafuta kikao kingine, na wenye kumkaribisha huko hawalali. Na yule mgema aishiye kwa tembo, tukimwambia aache, na tumwonyeshe pale pale la kushika: nazi, mbata, kumbi na makuti, vyote vyatoka katika mnazi uleule.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi sisi na watoto wetu, na awape viongozi wetu azma ya kusimama pale aliposimama mtu huyu, na subira ya kuzitengeneza nyoyo pale asipofika. Amin.